Kabla hujamwambia mwenye nyumba kwamba mmeongezeka

Mtoto kazaliwa, au mama mkwe anahamia, au mdogo wako kapata kazi karibu na kwako, afu ghafla meseji ya mwenye nyumba: "kuanzia mwezi ujao kodi inapanda, mmekuwa wengi". Wengi wanalipa tu yaishe. Sasa kuna vitu vya kukagua mapema, kabla huyo mtu hajashusha begi.

Mkataba kwanza, na usome wote sio ukurasa wa saini tu. Angalia idadi ya watu wanaoruhusiwa, mgeni anaruhusiwa siku ngapi, na kama kuna kipengele kinachosema kodi inaongezwa mtu akiongezeka. Kama ni mkataba wa muda maalumu, tuseme mwaka, na hicho kipengele hakimo, kwa kawaida kodi inabaki ile ile mpaka muda uishe, hawezi kuibadilisha peke yake katikati. Wa mwezi kwa mwezi ndo wa kuangalia sana, huo anaweza kupandisha ila kwa notisi ya muda uliowekwa na sheria ya mahali ulipo. Ontario kule Kanada, mfano, ni notisi ya maandishi ya siku 90 na kodi haipandi zaidi ya mara moja ndani ya miezi 12.

Jingine ni huyo anayekuja anahesabika kama nani. Ujerumani mume, mke au watoto wako unawaingiza bila kuomba ruhusa, unamjulisha tu mwenye nyumba, lakini ukitaka kumpangishia mtu baki chumba kimoja anaweza kukubali kwa sharti kodi ipande kiasi. Nyumba ile ile, mtu mmoja kaongezeka, majibu mawili tofauti kabisa.

Watoto wana ulinzi wao. Marekani sheria ya makazi ya 1968 iliongezewa mwaka 1988 katazo la kubagua familia zenye watoto chini ya miaka 18, na mjamzito yumo (nyumba chache kama za wazee zimeachwa nje), kwahiyo kupandishiwa kodi kisa kichanga kunaweza kuwa kesi. England nayo kwenye hesabu ya msongamano, yaani kama nyumba imejaza watu kupita kiasi, mtoto chini ya mwaka mmoja hahesabiwi kabisa, na kuanzia hapo mpaka afike miaka 10 ni nusu mtu. Hesabu vyumba na watu kwa kipimo cha kwenu mapema, maana mkizidi kiwango cha sheria hapo mwenye nyumba anaweza kuwa na haki ya kukataa na utapata shida kujitetea.

Maji na umeme. Kama vimo ndani ya kodi, tuwe wakweli, ana hoja, watu wakiongezeka bili inaongezeka. Ila usikubali iingizwe kwenye kodi. Mwambie alete bili za kabla na za baada, tofauti utalipa pembeni, na muandikiane kwamba mgeni akiondoka malipo hayo yanakoma, sababu kodi ikishapanda hairudi chini kirahisi hata mkibaki wawili.

Mkipungua pia kuna mtego. Mliosaini wote mara nyingi mnadaiwa kodi nzima kwa pamoja, kwahiyo mwenzako akihama na jina lake bado limo wewe uliyebaki unadaiwa yote, na dipoziti yake itazua ugomvi. Andikeni nani katoka, tarehe ngapi, na dipoziti iko kwa nani. Wa nyumba za ruzuku ripotini mabadiliko haraka, huko kodi mara nyingi inafuata kipato na idadi ya watu, inaweza hata kushuka.

Taarifa yenyewe itume kwa maandishi, fupi tu: "Kuanzia tarehe fulani mama yangu atakaa nasi, mkataba wetu unaruhusu watu wanne, sasa tutakuwa wanne." Akijibu kwa simu, mtumie meseji ya mlichoongea. Na mkibishana usiache kulipa kodi ya zamani, lipa kwa njia inayoacha risiti, maana ukisimamisha malipo anapata sababu ya kukutoa ambayo haihusiani kabisa na mama.