Kukadiria moshi unaopungua msitu ukitolewa kuni: hatua kwa hatua

Nyumbani wakiniuliza nafanya kazi gani huku Marekani, hujibu: nahesabu moshi ambao bado haujatoka. Mama hucheka. Lakini ndiyo kazi yenyewe. Serikali inataka kujua: tukipunguza kuni katika misitu ya magharibi leo, je, hewa chafu itakayotoka moto ukija itapungua kiasi gani? Na je, kazi yenyewe ya kupunguza haitoi moshi mwingi kuliko ule tunaouepuka?

Wadogo zangu waliosomea misitu wameniomba njia ya kufanya hesabu hizi kwa sababu wanaziona nafasi za ufadhili wa utafiti na hawajui zinahusu nini. Nyingi hupitia taasisi ya ORISE na hutangazwa kwenye tovuti ya Zintellect. Unalipwa posho ya utafiti, maana wewe si mwajiriwa, na unakaa chini ya msimamizi mmoja. Soma sharti la uraia kabla hujaandika barua ya maombi. Zipo zinazopokea wageni na zipo zisizopokea, na hilo huandikwa chini kabisa ya tangazo.

Neno moja kwanza. Wataalamu wa moto wa huku wana neno moja kwa kila kinachoweza kuungua msituni: jani lililoanguka, kijiti, gogo, kichaka, hata majani mabichi kileleni. Nimeona likitafsiriwa "mafuta", na msomaji anawaza petroli. Mimi nasema kuni. Kupunguza kuni basi ni kupunguzia miti iliyosongamana, kupogolea matawi ya chini, na kuchoma kwa makusudi siku yenye unyevu. Aliyesomea misitu Morogoro anavijua vyote hivi, na uchomaji wa mapema kwenye miombo ni ndugu wa damu wa hilo la tatu.

Hatua ya 1: Andika swali kwa sentensi moja

Langu liliandikwa kwenye karatasi ya njano juu ya meza: "Kwa hekta moja ya msitu mchanganyiko wa misonobari wa Sierra Nevada, katika miaka 15, hewa chafu inatofautiana vipi kati ya kuacha ulivyo na kupunguzia kisha kuchoma?" (Sierra Nevada ni safu ya milima ya California.) Hapo kuna eneo, muda na hali mbili za kulinganisha. Ukikosa kimoja, utahesabu hadi uzeeke. Miaka 15 niliichagua kwa sababu kuni hurudi: majani huanguka, miche huota, na baada ya muda huo kazi uliyofanya imeshachakaa.

Hatua ya 2: Pata miti

Data ya miti ni bure. Mpango wa taifa wa kupima misitu, FIA, una kiwanja kimoja cha sampuli kwa takriban kila ekari 6,000, na magharibi kila kiwanja hupimwa upya kila baada ya miaka 10. Unapakua majedwali, unachuja aina ya msitu na jimbo.

Tahadhari moja. Viwianishi vya viwanja hivyo vimesogezwa kidogo kwa makusudi, na vingine vimebadilishana, ili kulinda siri za wenye ardhi. Usichukue kiwanja ukakibandika juu ya LANDFIRE, ramani ya taifa ya mimea na kuni yenye pikseli za mita 30, ukadhani vinakutana. Havikutani. Tumia viwanja vingi kama kundi.

Hatua ya 3: Pata kuni za chini

Kuni zilizoanguka hugawanywa kwa unene, na kila kundi lina jina la saa: saa 1 (chini ya milimita 6), saa 10 (hadi sentimita 2.5), saa 100 (hadi sentimita 7.6), saa 1000 (magogo). Saa hizo zinaeleza jinsi kipande kinavyowahi kulowa au kukauka hewa ikibadilika. Kijiti cha kundi la saa 1 kina umande asubuhi, mchana ni kiberiti. Gogo linahitaji majuma.

Chini yake kuna majani makavu, na chini ya majani kuna mboji. Usiidharau mboji. Katika misitu ambayo moto umezuiwa kwa miaka mia moja, huwa ndiyo mzigo mkubwa, na huungua polepole bila mwali huku ikitoa moshi mzito.

Hatua ya 4: Endesha programu ya FVS

FVS ni programu ya bure ya Forest Service, idara ya misitu ya serikali ya Marekani, inayokuza msitu kwenye kompyuta, na ina nyongeza ya moto iitwayo FFE. Chagua toleo la eneo lako. La Sierra magharibi ni WS. Andika faili mbili za maagizo: moja ya kuacha msitu ulivyo, nyingine ya kupunguzia na kuchoma. Kisha kwenye zote mbili washa moto wa porini kwa agizo la SimFire, ukitaja upepo, joto na ukavu wa kuni.

Hapa kuna mitego miwili iliyoninasa.

Kwanza, kwa toleo hilo msitu hauzai wenyewe. Usipoagiza miche iote, miti inakua na kujipogolea, chini panabaki wazi, na baada ya miaka 30 programu itakuambia msitu ulioachwa umekuwa salama wenyewe. Upuuzi mtupu. Miche ndiyo ngazi ya moto kupanda kileleni, iagize.

Pili, vipimo. Majedwali ya kuni hutoka kwa tani za Kimarekani kwa ekari. Niligeuza ekari kuwa hekta, nikazidisha kwa 2.47, nikaridhika. Tani ya Kimarekani ni kilo 907 tu. Kizidisho sahihi ni 2.24. Kwa majuma matatu kila namba yangu ilikuwa imevimba kwa asilimia 10, na grafu zilipendeza kweli. Nilishtuka nilipofanya hesabu ya hatua inayofuata kwa kalamu.

Hatua ya 5: Fanya hesabu kwa mkono

Usiruke hii. Kanuni ni kuzidisha tu: kuni zilizopo, mara sehemu inayoungua, mara hewa inayotoka kwa kila kilo. Namba za mzigo wa kuni hapa chini ni za zoezi, si za kiwanja fulani. Kwa hekta moja iliyoachwa:

Majani na mboji tani 60, zinaungua 0.85: tani 51.
Vijiti vya saa 1 hadi 100 tani 15, zinaungua 0.9: tani 13.5.
Magogo tani 30, yanaungua 0.6: tani 18.
Majani na matawi membamba ya vileleni tani 15, yanaungua 0.7: tani 10.5.

Jumla zimeungua tani 93.

Sasa hewa. Miongozo ya IPCC ya 2006 kwa misitu isiyo ya tropiki inatoa, kwa kila kilo ya kuni kavu iliyoungua, gramu 1569 za hewa ukaa, gramu 4.7 za methani na gramu 0.26 za oksidi ya nitrasi. Methani unaizidisha kwa 27 na oksidi ya nitrasi kwa 273 ili zote zilingane na hewa ukaa. Ukijumlisha, tani moja ya kuni inakuwa tani 1.767 za hewa ukaa. Kwa hiyo tani 93 ni tani 164.3.

Upande wa pili: tumepunguzia miti, tukachoma matawi yaliyorundikwa na majani ya chini wakati wa vuli. Tuseme zimeungua tani 45. Hizo ni tani 79.5 za hewa ukaa, na zimetoka kwa hakika, kwa mikono yetu wenyewe. Moto wa porini ukija baadaye unakuta kidogo, unachoma tani 40, yaani tani 70.7 za hewa.

Anayefanyia haya miombo ya nyumbani atumie jedwali la savana katika miongozo hiyo hiyo. Sehemu inayoungua katika savana yenye miti ni wastani wa 0.40 moto ukiwashwa mapema kiangazi, na 0.74 katikati au mwisho wake. Huko tofauti yote iko kwenye tarehe ya kiberiti.

Hatua ya 6: Zidisha kwa uwezekano wa moto kufika

Hapa ndipo ripoti nyingi nilizosoma zinapojikwaa, na ndipo nakuomba ukae kidogo. Ukilinganisha 164.3 na 79.5 jumlisha 70.7, unaona nafuu ya tani 14. Lakini umechukulia kwamba moto utafika kwenye hekta yako bila shaka. Hekta nyingi moto hauzifikii ndani ya miaka 15.

Forest Service imechapisha ramani za uwezekano wa moto kwa nchi nzima, zilizotokana na programu ya FSim inayoigiza maelfu ya misimu ya moto. Tuseme pikseli yako inasoma asilimia 1.5 kwa mwaka. Uwezekano wa kufikiwa walau mara moja kwa miaka 15 ni 1 toa 0.985 kwa kipeo cha 15, yaani asilimia 20.3.

Ukiacha: 0.203 mara 164.3, tani 33.3.
Ukifanya kazi: 79.5 jumlisha 0.203 mara 70.7, tani 93.9.

Soma tena. Kupunguza kuni kumetoa tani 60 zaidi. Nilipoipata hesabu hii mara ya kwanza nilifunga kompyuta nikaenda kutembea. Lakini si siri: John Campbell na wenzake walitoa hoja ya namna hii hii mwaka 2012, na bado inajadiliwa.

Hatua ya 7: Hesabu miti itakayokufa

Moto hauchomi shina la mti mkubwa. Unaliua, kisha linaoza kwa miongo. Hewa hiyo haionekani siku ya moto, na programu za moshi haziioni kabisa.

Msitu ulioachwa una tani 250 za miti hai, moto mkali unaua asilimia 75. Uliopunguziwa una tani 200, unaua asilimia 20. Ikiwa nusu ya vilivyokufa vimeoza ndani ya miaka 30, na nusu ya uzito wa mti ni kaboni (kila tani ya kaboni huwa tani 3.67 za hewa ukaa), basi ni tani 171.9 za hewa ukaa dhidi ya 36.7. Tofauti, mara 0.203, ni karibu tani 27. Hasara yetu ya 60 imeshuka hadi 33. Magogo yaliyotolewa yakienda kiwanda cha mbao badala ya kuoza, inashuka zaidi, lakini hilo ni daftari jingine.

Hatua ya 8: Angalia majirani

Hekta iliyotunzwa hupunguza kasi ya moto kwa hekta iliyo nyuma yake pia. Katika zoezi letu, hekta jirani iliyoachwa ina hasara inayotarajiwa ya 0.203 mara (164.3 + 171.9), tani 68.2. Kazi yako ikipunguza uwezekano huo kwa nusu kwenye hekta moja tu ya jirani, umeokoa tani 34, na deni limelipika. Ndiyo maana swali la wapi pa kufanya kazi lina uzito kuliko hekta ngapi.

Mfano wa shambani upo. Julai 2021 moto wa Bootleg kusini mwa Oregon ulipita zaidi ya ekari 400,000. Ulipoingia hifadhi ya Sycan Marsh ya The Nature Conservancy, wazima moto waliripoti kwamba ulitulia palipopunguziwa miti kisha pakachomwa kwa makusudi. Palipopunguziwa tu, uchomaji ukiwa bado unasubiri, miti iliumia zaidi. Kwa hiyo usiweke "kupunguzia" na "kupunguzia na kuchoma" katika safu moja ya jedwali. Ni vitu viwili.

Hatua ya 9: Moshi wa kuingia mapafuni

Kwa chembe ndogo za moshi, PM2.5, tumia takriban gramu 13 kwa kilo kama mwanzo. Moto wa porini wa tani 93 unatoa kilo 1,209 kwa hekta; uchomaji wetu wa tani 45, kilo 585. Namba hizi ziandike peke yake, usizichanganye na hewa ukaa. Siku ya kuchoma unaichagua ukiwa umeangalia upepo unaelekea wapi. Siku ya moto wa Agosti huichagui.

Hatua ya 10: Tikisa namba moja moja

Badilisha kitu kimoja, acha vingine, endesha tena. Nilipunguza sehemu ya majani na mboji inayoungua kutoka 0.85 hadi 0.65: jibu lilisogea tani 4. Nikapandisha uwezekano wa moto kutoka asilimia 1.5 hadi 3 kwa mwaka: hasara ya tani 33 ikageuka faida ya tani 4, hata kabla ya kumhesabu jirani. Mstari wa kuvuka uko karibu asilimia 2.8.

Kwenye mboji nilikuwa nimetumia miezi miwili. Ramani ya uwezekano niliipakua mchana mmoja, nikiwa nala.