Kabla hujapima na kutibu vidonda vya tumbo: mambo ya kuweka sawa mapema

Wagonjwa wengi wa vidonda vya tumbo humfikia daktari wakiwa wameshajitibu. Mmoja amemeza omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi ya tumbo, mwezi mzima, mwingine amekunywa nusu dozi ya antibiotiki iliyobaki nyumbani, mwingine anatumia unga wa mitishamba asiojua umechanganywa na nini. Wote wanaumwa kweli, na wala siwalaumu, maana maumivu ya chembe ya moyo usiku wa manane humfanya mtu ajaribu chochote. Shida ni kwamba dawa hizo zinaweza kuficha kile ambacho kipimo kinakitafuta. Mgonjwa anaambiwa hana kitu, anarudi nyumbani, na ugonjwa unaendelea. Kwa sababu hiyo mimi huyapa maandalizi ya kabla ya kipimo uzito uleule ninaoupa dawa.

Kabla ya yote, jiridhishe kwamba hali yako inaruhusu kusubiri. Ukitapika damu, au matapishi yakiwa ya kahawia iliyokolea yenye chembechembe kama machicha ya kahawa, usipange miadi. Nenda hospitali saa hiyohiyo. Fanya hivyo pia choo kikiwa cheusi, kinanata kama lami na kina harufu kali isiyo ya kawaida, hasa ukiwa na kizunguzungu au mapigo ya moyo yakienda mbio. Hizo ni dalili kwamba kidonda kinavuja damu. Maumivu makali yanayoanza ghafla, tumbo likakakamaa lisiweze hata kuguswa, huenda yakawa ya kidonda kilichotoboka. Hapo usile, usinywe, na usimeze dawa ya maumivu ukiwa njiani. Vilevile, maumivu ya juu ya tumbo yanayokuja na jasho, kukosa pumzi, au kusambaa kwenye kifua, mkono au taya yanaweza kuwa ya moyo kabisa. Watu wamepoteza maisha wakidhani ni asidi.

Kuna dalili nyingine ambazo hazihitaji gari la wagonjwa lakini hazifai kuachwa zipite wiki kadhaa: kupungua uzito bila sababu, chakula kukwama wakati wa kumeza, kutapika mara kwa mara, kuishiwa damu, au maumivu mapya yanayoanza ukiwa umefikisha miaka 60 au zaidi. Mwenye mojawapo ya hizo kwa kawaida hupelekwa moja kwa moja kwenye endoskopia, yaani kipimo cha kuingiza kamera ndogo tumboni kupitia mdomoni.

Kama huna dalili hizo, unao muda wa kujiandaa. Anza kwa kujua unachokitafuta. Vidonda vingi, viwe vya tumbo lenyewe au vya sehemu ya mwanzo ya utumbo mwembamba, husababishwa na mojawapo ya mambo mawili: bakteria anayeitwa Helicobacter pylori, au dawa za kutuliza maumivu. Wapo wanaopatwa na yote mawili kwa pamoja, na hao hatari yao ni kubwa zaidi.

Bakteria huyo hujichimbia kwenye ute unaofunika ukuta wa tumbo. Ana kimeng'enya kinachogeuza urea kuwa amonia, na amonia hiyo hupunguza ukali wa asidi inayomzunguka. Ndivyo anavyoweza kuishi mahali ambapo vijidudu vingi hufa. Kwa miaka mingi madaktari waliamini kwamba vidonda vinaletwa na mawazo mengi na vyakula vyenye viungo. Mwaka 1984 daktari wa Australia, Barry Marshall, alikunywa kimiminika chenye bakteria hao, na siku chache baadaye akaanza kuumwa; uchunguzi ukaonyesha ukuta wa tumbo lake umevimba. Yeye na mwenzake Robin Warren walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Bado leo wapo wanaoambiwa "punguza mawazo" wakaachwa bila kipimo. Mawazo yanaweza kuyazidisha maumivu, na pilipili inaweza kumuunguza mwenye kidonda, lakini kuviacha viwili hivyo hakumwondoi bakteria.

Dawa za maumivu hufanya kazi kwa njia nyingine. Aspirini, ibuprofeni, diklofenaki, naprokseni na ndugu zao hupunguza prostaglandini, kemikali ambazo ndizo zinazoliwezesha tumbo kutengeneza ute na kulinda ukuta wake. Wengi hujipa moyo kwamba wanazimeza wakiwa wameshiba. Chakula hupunguza kero ya papo kwa papo, lakini athari kubwa hupitia kwenye damu, kwa hiyo hata sindano au dawa ya kuweka njia ya haja kubwa inaweza kuleta kidonda.

Hapo ndipo maandalizi yenyewe yanapoanzia. Chukua mfuko, utie ndani kila dawa unayoitumia: karatasi za vidonge zilizokatwa, chupa za maji ya kupoza tumbo, dawa za mafua, virutubisho, mitishamba. Kisha geuza kila boksi usome maandishi madogo yaliyo chini ya jina kubwa. Jina kubwa ni la biashara. Dawa yenyewe iko kwenye hayo madogo. Utashangaa kukuta dawa ya mafua ina aspirini au ibuprofeni ndani yake, au dawa mbili za mgongo zenye majina tofauti kumbe zote ni diklofenaki. Kama boksi limepotea, beba karatasi ya vidonge ilivyo. Kumwambia daktari "nilikuwa nakunywa vile vyekundu" hakumsaidii hata kidogo.

Taja pia dawa za kulainisha damu kama wafarini, dawa za jamii ya steroidi, baadhi ya dawa za sonona, na vidonge vya madini ya chuma. Zile tatu za kwanza zinaweza kuongeza hatari ya kuvuja damu, hasa zikiambatana na dawa za maumivu. Vidonge vya chuma hufanya choo kiwe cheusi bila damu kuwepo, na daktari asiyejua unavitumia anaweza kupotea njia. Lakini narudia mara mbili hili: kama unakunywa aspirini kwa ajili ya moyo au kiharusi, au dawa ya kulainisha damu, usiisimamishe mwenyewe kwa hofu ya tumbo. Kuacha ghafla kunaweza kuleta hatari kubwa kuliko kidonda. Uamuzi huo ni wa daktari anayejua pande zote mbili.

Kuna swali moja ambalo wagonjwa wachache huwa na jibu lake tayari: umewahi kutumia antibiotiki gani? Jaribu kukumbuka hata zile za kikohozi, za meno na za njia ya mkojo. Klarithromaisini, mojawapo ya dawa za kumuua H. pylori, imepoteza nguvu sehemu nyingi kwa sababu ya usugu, na aliyewahi kutumia dawa ya jamii hiyo, hata kwa ugonjwa wa kifua, ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na bakteria sugu. Jibu lako linaweza kubadilisha dozi utakayoandikiwa. Sema na kama una mzio wa penisilini, kama una ujauzito au unanyonyesha, kwa sababu baadhi ya dawa za vidonda hazifai kwa mjamzito, na misoprostoli, inayotumika kulinda tumbo, inaweza kuharibu mimba.

Dalili ziandike kwa siku kadhaa kabla ya miadi. Andika saa, ulichokula, maumivu yalipoanzia, yalipoelekea, na kilichoyapunguza. Mfano: "Saa nane usiku, nimeamka, kunaungua katikati chini ya kifua, nimekula kidogo pakatulia." Maelezo ya namna hiyo hufanana na kidonda cha mwanzo wa utumbo mwembamba. Kidonda cha ndani ya tumbo mara nyingi huuma zaidi baada ya kula. Tofauti hiyo haitoshi kutoa hukumu, ila humwonyesha daktari pa kuanzia. Kiungulia kinachopanda kifuani ukilala au ukiinama huashiria asidi inayorudi kwenye koo la chakula. Maumivu ya upande wa kulia chini ya mbavu, yanayokuja baada ya mlo wenye mafuta mengi na kukaa kwa saa kadhaa, huweza kuwa ya mawe kwenye kifuko cha nyongo. Maumivu yanayochoma hadi mgongoni na kutapika sana huweza kuwa ya kongosho. Na wako wanaoumwa kweli, wakapimwa kila kitu, na ukuta wa tumbo ukakutwa mzima. Hao wana tatizo la usagaji chakula lisilo na kidonda, nalo lina matibabu yake. Si kila tumbo linalouma lina vidonda, na neno hilo hutamkwa haraka mno.

Sasa kipimo. Kwa mtu asiye na dalili za hatari, vipimo vinavyoaminika zaidi vya kumtafuta bakteria bila kuingiza kamera ni cha pumzi na cha choo. Cha pumzi unakunywa urea maalumu, kisha unapuliza. Bakteria akiwepo, ataivunja urea hiyo na alama yake itaonekana kwenye pumzi. Cha choo kinatafuta chembe za bakteria mwenyewe. Vyote viwili humhitaji bakteria awepo kwa wingi, na hapa ndipo watu wengi hukosea. Omeprazoli na dawa za jamii yake zinapaswa kuachwa wiki 2 kabla ya kipimo. Antibiotiki na dawa zenye bismuthi, madini yaliyomo kwenye baadhi ya dawa za tumbo, wiki 4. Ukipima ukiwa bado unazimeza, bakteria hupungua tumboni na kipimo kinaweza kusema hayupo. Likitoka jibu la kuwa yupo, kwa kawaida linaaminika hata kama ulikuwa kwenye dawa. Jibu la kuwa hayupo ndilo la kutilia shaka. Katika wiki hizo mbili za kusubiri maumivu yanaweza kurudi, basi mwulize daktari mapema utumie nini, mara nyingi ni dawa za kawaida za kupoza asidi. Aliyewahi kuvuja damu asiache omeprazoli bila ruhusa.

Kipimo cha damu ni habari nyingine. Kinaangalia kingamwili, yaani chembe za kinga ambazo mwili huzitengeneza kupambana na bakteria, na kingamwili hubaki mwilini muda mrefu hata baada ya bakteria kwisha. Kinaweza kusema "ndiyo" kwa mtu aliyepona zamani, na hakifai kabisa kuthibitisha kama dawa imefanya kazi. Ukipewa nafasi ya kuchagua, chagua pumzi au choo.

Endoskopia ina maandalizi yake. Kwa kawaida huli chakula kwa saa 6 hadi 8 kabla, na maji hukoma saa 2 kabla, lakini fuata maelekezo ya hospitali yako. Mwenye kisukari aulize mapema kuhusu insulini na vidonge, kwa sababu kukaa na njaa huku dawa ikiendelea kunaweza kushusha sukari vibaya. Meno ya bandia huvuliwa. Ukichomwa sindano ya usingizi, uwe na mtu mzima wa kukurudisha nyumbani, na usiendeshe gari wala kusaini mambo mazito hadi siku inayofuata. Kipimo chenyewe ni cha dakika chache. Muulize daktari kabla hajaanza kama atachukua vinyama vya kupimwa, ili ujue kama kuna majibu mengine ya kusubiri.

Kabla ya kumeza kidonge cha kwanza cha tiba ya bakteria, hakikisha dozi yote unayo mkononi. Huwa ni dawa ya kupunguza asidi pamoja na antibiotiki mbili, mara nyingi na bismuthi juu yake, kwa siku 10 hadi 14. Vidonge ni vingi, na baadhi huacha ladha ya chuma mdomoni, kichefuchefu au kuharisha kidogo. Chagua siku ya kuanza ambayo hutakuwa safarini. Dawa ya kupunguza asidi imeze dakika 30 hadi 60 kabla ya kula, isipokuwa ukielekezwa vingine. Kama mojawapo ya antibiotiki ulizopewa ni metronidazoli, pombe iache hadi umalize na siku kadhaa baadaye. Tetrasaiklini, nayo ni antibiotiki, isimezwe pamoja na maziwa, madini ya chuma au dawa ya kupoza asidi, maana hushikamana navyo na kushindwa kuingia mwilini. Bismuthi hugeuza choo na ulimi kuwa vyeusi. Hilo lenyewe si damu, ila choo kikianza kunata na ukajisikia kuishiwa nguvu, rudi hospitali. Maumivu mara nyingi hupungua ndani ya siku chache, na hapo ndipo wengi huacha dawa. Bakteria waliobaki baada ya nusu dozi huwa wagumu kuliko wa mwanzo.

Kuhusu chakula nitasema machache. Hakuna mlo unaoponya kidonda. Acha kile kinachokuumiza wewe, kula kidogo kidogo ikikusaidia, na usitegemee maziwa, kwa sababu hutuliza kwa muda mfupi kisha huchochea asidi. Sigara ndiyo ya kuacha kwa nguvu zote, kwani huchelewesha kidonda kupona na kukirudisha. Ukihitaji dawa ya maumivu wakati huo, kwa wengi parasetamoli kwa kipimo sahihi ni salama zaidi kwa tumbo.

Jambo la mwisho liulize siku ileile unapoandikiwa dawa: nitapimwa tena lini? Kuthibitisha kwamba bakteria ameisha hufanyika angalau wiki 4 baada ya kumaliza antibiotiki, kwa pumzi au choo, tena kwa masharti yaleyale ya kuacha omeprazoli wiki 2 kabla. Kama kidonda kilikuwa ndani ya tumbo lenyewe, mwulize pia kama utarudia endoskopia, kwa sababu baadhi ya saratani za tumbo hujitokeza kwa sura ya kidonda na hugundulika pale kisipopona. Iandike tarehe hiyo nyuma ya boksi la dawa kabla hujatoka chumbani.