MRI ya puru kwa mzazi aliye Mbeya au Iringa: ya kufuatilia ukiwa ughaibuni

Ukipigiwa simu kwamba baba kule Tukuyu amekutwa na saratani ya utumbo na daktari ameagiza MRI (kipimo cha picha kinachotumia sumaku), kabla ya kutuma pesa uliza uvimbe uko wapi. Ukiwa kwenye puru, yaani sentimita kama 15 za mwisho kabla ya tundu la haja kubwa, MRI ya nyonga ndiyo ramani ya daktari wa upasuaji. Ukiwa juu zaidi kwenye utumbo mpana, kazi kubwa hufanywa na CT scan (picha za vipande kwa eksirei) ya kifua, tumbo na nyonga. Huko MRI huitwa hasa pale ini linapoonekana na doa lisiloeleweka.

MRI haithibitishi saratani. Kinachothibitisha ni kinyama kilichochukuliwa kwa kipimo cha kamera na kusomwa maabara, kwa hiyo jibu la kinyama liwepo kwanza.

Fomu ya daktari ndiyo huharibu mambo. Ikiandikwa "MRI ya nyonga" tu, mgonjwa anaweza kupigwa picha za jumla ambazo hazimsaidii mpasuaji. Iandikwe kuwa ni ya saratani ya puru, kwa ajili ya kupanga matibabu, na itaje uvimbe uko sentimita ngapi kutoka tundu la haja. Picha hizo hukatwa vipande vyembamba, milimita 3 hivi, vikipangwa kulingana na mwelekeo wa uvimbe wenyewe.

Kabla ya safari, mtu apige simu kuuliza kama mashine inafanya kazi wiki hiyo. Anza na Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya. Kwa aliye Iringa, Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma iko karibu kuliko Muhimbili. Kutoka Mbeya hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 800, na mzee anayetokwa damu hafai kukaa kwenye basi siku nzima halafu aambiwe mashine mbovu. Kama ana bima, kibali kiulizwe mapema.

Mashine ni sumaku kubwa, haina mionzi. Betri ya moyo, klipu za mishipa ya ubongo na kifaa cha kusikia kilichopandikizwa lazima vitajwe siku ya kuweka miadi. Kama baba alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, aseme: chembe ya chuma iliyobaki jichoni inaweza kusogezwa na sumaku ikajeruhi jicho, hivyo hupigwa eksirei kwanza. Mama avue pete, shanga zenye chuma, pini za nywele na sidiria yenye waya. Hirizi nayo ivuliwe, na mhusika aambiwe nyumbani, kwa staha, asiaibishwe mlangoni.

Ndani atalala chali dakika 30 hadi 45 bila kujitikisa. Mashine hugonga kwa kelele kubwa. Atapewa vizibo vya masikio na kitufe cha kubonyeza akizidiwa. Anaweza kuchomwa sindano ya kutuliza utumbo, maana utumbo ukicheza picha hufifia. Mwenye glakoma (presha ya macho) au ugonjwa wa moyo aseme kabla ya sindano hiyo. Kama mzee anasikia Kinyakyusa au Kihehe vizuri zaidi, aende na mtu wa kumweleza kabla hajaingia.

Majibu yakija, tafuta umbali kati ya uvimbe na utando unaozunguka puru. Ukiwa milimita 1 au chini ya hapo, madaktari mara nyingi huanza na mionzi na kemo (dawa za kuua saratani) ili uvimbe usinyae kabla ya kisu. Angalia pia tezi za limfu, mishipa ya damu iliyo nje ya puru, na msuli wa kubana haja: huo ukiwa umeguswa, mfuko wa haja wa kudumu, unaovaliwa tumboni, unaweza kuhitajika, na ni vizuri familia izungumze mapema.

Baada ya mionzi picha hurudiwa, ila si mara moja. Husubiriwa wiki kadhaa, mara nyingi 6 hadi 8 au zaidi. Ikipigwa mapema, uvimbe haujamaliza kusinyaa, na hata kwa wakati wake kovu na saratani iliyobaki vinaweza kufanana. Ndiyo maana karatasi ya majibu haitoshi. Dai CD yenye picha zote kabla mgonjwa hajaondoka hospitalini, nakala moja ibaki nyumbani na nyingine itumwe kwako, kwa kuwa picha ya pili husomwa kwa kulinganishwa na ya kwanza.