Somo: Kabla hujampeleka farasi kwa daktari

Jamani, naandika mara moja kwa sababu nimechoka kujibu yaleyale. Atakayeuliza tena nitamrudisha hapa.

1. Piga simu kwanza. Si kila daktari wa mifugo anashika farasi. Uliza na kama asile: kuna vipimo vinavyotaka tumbo tupu, ilhali wa chanjo anakula kama kawaida.

2. Kitabu cha chanjo na dawa za minyoo. Huna, andika kwenye karatasi.

3. Kwato safi, miguu mikavu. Mafuta ya kwato usipake.

4. Pima joto kabla hajatoka bandani. Farasi mzima aliyetulia huwa kati ya 37.5 na 38.5. Kipimajoto huingizwa njia ya haja kubwa; kifunge uzi wenye kibanio, ukibane mkiani, la sivyo kitapotelea ndani. Simama ubavuni.

5. Usimpe dawa ya maumivu kwa akili zako. Hapa ndipo watu wanapoharibu. Farasi anachechemea, mwenyewe anamwonea huruma, usiku anampa fenilibutazoni iliyobaki tangu mwaka jana. Asubuhi mnyama anatembea kama bwana harusi. Daktari anamzungusha, anamkunja mguu, haoni kitu. Nauli ya trela imekwenda bure, na dawa ikiisha kuchechemea ni kulekule. Kwa tumbo linalosokota ni hatari zaidi, maana ukali wa maumivu humsaidia daktari kuamua kama ni la kupasuliwa. Kama umeshampa, sema ni dawa gani, kiasi gani, saa ngapi. Usione haya: akimwongezea ya aina hiyo bila kujua, figo na tumbo ndivyo vitaumia. Mrekodi kwa simu akitembea siku anayochechemea, hiyo video ina faida kuliko maelezo yako.

6. Kupakia: funga komeo la nyuma, ndipo umfunge kamba. Kushusha: fungua kamba, ndipo ufungue nyuma. Aliyefungwa kichwa akiona nyuma kuko wazi hujivuta kwa nguvu zote. Ondoka alfajiri, kabla ya jua na foleni ya Daraja la Nyali hapa Mombasa. Wa ng'ambo ya Likoni ahesabu na feri.

Maswali

Mjomba wa Bamburi: Kaka, nimpe nini asiumie njiani?

— Soma namba 5.

Mjomba wa Bamburi: Nimesoma. Nasema nusu tu.

— Nusu nayo ni dawa. Mpigie daktari wako, usinitafutie lawama.

Binti wa Mtwapa: Shikamoo mwalimu. Akikanyaga msumari, niung'oe kabla ya safari?

— Marahaba mwanangu, hilo ndilo swali. Usiung'oe mpaka daktari aseme. Eksirei ikipigwa msumari ukiwa ndani huonyesha umeelekea wapi, na kama umegusa mfupa au kiungo. Ukishatoka, tundu hujifumba hata usilione. Weka vipande vya mbao kando yake, ufunge bendeji, asiukanyage ukazama zaidi. Daktari akikwambia ung'oe, piga picha kwanza, tia alama ulipoingia, upime urefu uliozama. Na umuulize chanjo ya pepopunda. Farasi huupata upesi ugonjwa huo.

Saisi wa Nyali: Wetu analishwa majani chini, juu ya mchanga wa pwani, na sasa anaharisha. Nibebe kinyesi?

— Beba, cha siku hiyohiyo. Kingine, kisichogusa ardhi, tia kwenye glavu ndefu pamoja na maji, koroga, ining'inize robo saa. Mchanga aliomeza na majani utashuka kwenye vidole vya glavu, uuguse mwenyewe. Usipouona usishangilie, kuna siku hautoki. Na majani yawekeeni karai.

Mjomba wa Bamburi: Karai la plastiki linafaa?

— Linafaa. Hilo umeuliza vizuri.

Mama wa Shanzu: Wangu hagusi maji ya ugenini.

— Beba dumu la kwenu, dada. Aliyezoea kisima chenye chumvichumvi, ya mfereji huyanusa akageuza uso.