Jinsi ya kuchora ukuta wa mto pamoja na wakazi

Wakazi wa Mathare au Mukuru, mitaa ya mabanda ya Nairobi, hawatoki kusafisha mto kwa sababu ukuta umependeza. Hutoka wakiona mchoroni mtaro wao, kivuko chao, na mahali maji yalipofika kwenye mafuriko ya 2024. Ndiyo maana rangi huja mwisho.

1. Tembeeni kando ya mto. Watu 12 hadi 15 wanatosha: mama mboga, waokota chupa, vijana, mzee wa mtaa. Vaeni gambuti na glavu, kwa kuwa sindano na vioo havikosekani. Kila watu watatu wabebe karatasi ya manila, wachore bomba la majitaka linapomwaga, jaa lilipo na alama za mafuriko kutani.

2. Tundikeni michoro hiyo penye foleni, kwenye kioski cha maji au choo cha umma, kwa wiki nzima, na kalamu ifungwe kwa uzi kando yake. Msiruke hatua hii. Mkutanoni husikika wenye sauti kubwa. Kwenye foleni hata mtoto aliyetumwa maji husahihisha ramani, na mara nyingi yeye ndiye anayejua bomba la majitaka linalofunguliwa usiku.

3. Chagueni ukuta. Hifadhi ya mto, yaani ukanda wa kando yake unaolindwa kisheria, ni mita 6 hadi 30 kutoka alama ya juu ya mafuriko, na jengo lililomo laweza kubomolewa. Tafuteni ukuta nje ya hapo. Mwenyewe atoe ruhusa kwa maandishi, na chifu ajulishwe.

4. Pakeni Januari au Februari, kabla ya masika. Plasta mpya ikae siku 28, la sivyo chokaa yake huunguza rangi. Kwa brashi ya waya, ondoeni ukungu pamoja na chumvi nyeupe inayojitokeza ukutani, acheni ukuta ukauke, kisha pakeni andakoti (rangi ya chini) moja na rangi ya maji mikono miwili, yaani tabaka mbili. Kwa ukuta wa mita za mraba 20, kadirieni lita 2 hadi 3 kwa kila mkono; plasta yenye mikwaruzo hunywa zaidi. Epukeni rangi ya mafuta: hufungia unyevu ndani, ikabambuka. Hamisheni ramani iliyosahihishwa kwa kugawanya ukuta katika miraba ya sentimita 50, kila familia ijaze wake. Brashi zioshwe ndooni, kamwe si mtoni.

5. Kabla rangi haijakauka, kila sehemu mbovu iliyochorwa ipate kikundi na tarehe ya kazi, viandikwe papo hapo ukutani. Bomba likizibwa au jaa likiondolewa, kikundi chenyewe kirudi kubadilisha mchoro. Wekeni lita 2 za kila rangi kwa kazi hiyo.