Bana, Inua, Legeza: Mazoezi ya Misuli ya Sakafu ya Nyonga

Mkojo kukutoka ukikohoa, ukipiga chafya au ukiinua mtungi wa maji ni jambo ambalo wanawake wengi hapa Mombasa hulichukulia kuwa ndiyo hali ya aliyezaa. Mtu huvaa pedi kila siku, hutawadha tena na tena, na hamwambii mtu. Mara nyingi tatizo hili hupungua au hukoma kwa mazoezi peke yake, mradi yafanywe sawasawa. Kazi iko hapo, maana wengi wakiambiwa "bana" husukuma chini badala ya kuvuta juu.

Misuli yenyewe imetandaa kama leso iliyoshikwa pembe zake, kuanzia mfupa wa kinena mbele hadi kifandugu nyuma. Imebeba kibofu, mfuko wa uzazi na sehemu ya mwisho ya utumbo. Hudhoofishwa na mimba, kuzaa, kukamia choo kigumu, kikohozi cha muda mrefu na kukoma kwa hedhi. Aliyejifungua kwa upasuaji naye yanamhusu, kwani mimba aliibeba.

Hatua ya 1: Itafute

Kojoa kwanza. Lala chali juu ya mkeka, kunja magoti, nyayo zikanyage chini. Vuta pumzi tumbo liinuke. Ukianza kuitoa, bana tundu la nyuma kama unayezuia upepo usitoke mbele za watu, endeleza mbano huo hadi mbele kama unayezuia mkojo, kisha vuta vyote juu, ndani.

Kama huna hakika, vingirisha taulo dogo liwe nene kama muhogo, lilaze juu ya kiti kigumu ulikalie kama mpanda baiskeli, lipite katikati kutoka mbele hadi nyuma. Ukibana vizuri utahisi msamba unapanda na kuachana na taulo. Ukihisi unaligandamiza zaidi, hapo unasukuma. Acha, pumua, anza upya. Usiende hatua ya pili mpaka uhisi huko kupanda, hata kama kutakuchukua wiki nzima.

Usifanye zoezi kwa kukatiza mkojo chooni. Kuuzuia kila mara hukifanya kibofu kisimalize kumwaga, na mkojo unaobaki unaweza kuleta maambukizi.

Hatua ya 2: Shika, kisha legeza

Bana na uinue, shika kwa sekunde 3, legeza kabisa kwa sekunde 6. Rudia mara 8. Kila wiki ongeza sekunde moja hadi ufike 10, na muda wa kulegeza usiwe mfupi kuliko wa kubana. Malizia kwa mibano 10 ya haraka, bana-achia. Fanya hivyo mara 3 kwa siku, kwa muda usiopungua miezi 3. Ukiona kufikia mbano wa tano huhisi tena kitu kikipanda, misuli imechoka, simama hapo.

Kulegeza ni nusu ya zoezi, na ndiyo nusu inayosahauliwa. Msuli usioachia huchoka, huuma, na unaweza kuvujisha vilevile. Ikiwa tendo la ndoa linakuuma, au mkojo hukatikakatika na haumaliziki, usianze kubana kabla hujapimwa.

Makosa mengine hujulikana upesi. Ukishikilia pumzi, hesabu kwa sauti. Ukikaza makalio, weka kiganja juu yake uhakikishe yamelala. Mapaja na uso vitulie pia.

Hatua ya 3: Itumie

Ukishayaweza ukiwa umelala, fanya umekaa, kisha umesimama. Halafu zoea kubana kabla ya tukio: kikohozi kinakuja, bana, ndipo ukohoe. Mtungi wa lita 20 ni kilo 20. Bana, toa pumzi, ndipo uinue. Na ikiwezekana gawa maji kwenye mitungi miwili ya lita 10.

Mzazi anaweza kuanza kwa mibano laini siku chache baada ya kujifungua, mpira wa mkojo ukiwa umetolewa na haja ndogo inatoka vizuri. Leso ya kufunga tumbo wakati wa arobaini isikazwe hadi pumzi ikawa fupi: tumbo likibanwa hivyo, shinikizo hushuka kwenye misuli ileile unayotaka ipone.

Usipunguze maji kwa kuogopa kuvuja, mkojo mzito hukiudhi kibofu. Kinachofaa kupunguzwa ni chai ya rangi na kahawa. Kula mapapai na mboga choo kiwe laini.

Wakati wa kwenda hospitali

Mkojo unaovuja mfululizo, mchana na usiku, baada ya uchungu wa muda mrefu huenda ni fistula, yaani tundu kati ya kibofu na uke. Mazoezi hayaizibi, tiba yake kwa kawaida ni upasuaji, na mapema ni bora. Nenda pia ukiona damu kwenye mkojo au kitu kinachotokeza ukeni. Ganzi ya ghafla sehemu za siri ni dharura, nenda siku hiyohiyo.

Na kama wiki ya 12 imefika na hakuna kilichobadilika, omba kuonana na mtaalamu wa fiziotherapia anayeshughulikia afya ya wanawake. Atakupima kwa kidole aone kama unabana ipasavyo, na una haki ya kuomba awe mwanamke.