Somo: Ukikuta chuma chenye alama ya mionzi kwenye mzigo wako

Habari zenu wadau. Leo nazungumza na wanunuzi wa vyuma chakavu wa Mtwara na Lindi, pamoja na vijana wanaowaletea mzigo. Kwetu kuna visima vya gesi Mnazi Bay na Songo Songo, na kuna bomba la kutoka Madimba hadi Dar es Salaam. Viungo vya mabomba ya namna hii hukaguliwa kwa picha za mionzi baada ya kuchomelewa, na hiyo ni kazi halali. Ninachohofia mimi ni kifaa kuibwa au kutelekezwa, kikaishia kwenye mizani yako.

Hatua ya 1: Kitambue. Kamera ya kupigia picha viungo hukaribia ukubwa wa boksi la viatu, lakini inaweza kufika kilo 20 na zaidi, maana ndani imezungushiwa metali nzito ya kuzuia mionzi. Uzito usiolingana na umbo ukutie shaka hata kama rangi imebanduka. Alama yenyewe ni mapanga matatu meusi kuzunguka duara dogo, kwenye njano. Kibaya zaidi ni kile kipande kidogo cha ndani kinachotoa mionzi, ndicho kiitwacho chanzo, kikichomoka. Kule Yanango, Peru, mwaka 1999, mchomeleaji alikiokota akakitia mfuko wa nyuma wa suruali. Aliishia kukatwa mguu.

Hatua ya 2: Usikate, usigonge, usiyeyushe. Mwaka 2000 huko Samut Prakan, Thailand, kichwa cha mashine ya kutibia saratani kilifunguliwa kama chuma chakavu. Watu watatu walikufa.

Hatua ya 3: Sogeza watu wote angalau mita 30. Ukizidisha umbali mara mbili, mionzi inayokufikia inabaki robo. Usimpe kijana akirudishe kwa bodaboda alikokitoa! Waliokishika wanawe mikono kwa sabuni kabla ya kula au kuvuta sigara, na majina yao yaandikwe.

Hatua ya 4: Toa taarifa polisi au ofisi ya mkuu wa wilaya, na useme wazi kwamba Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania iitwe.

Hatua ya 5: Waachie Tume. Wengi hawajui kazi yake. Kwa Sheria ya Nguvu za Atomu ya mwaka 2003, Tume ndiyo inayotoa leseni ya kuingiza nchini, kumiliki, kusafirisha na kutumia vyanzo vya mionzi. Hukagua hospitali, migodi na wakandarasi, na hupima kiasi cha mionzi anachopokea mfanyakazi kupitia kipimo kidogo anachovaa kifuani. Wakifika kwako watapima, watatambua aina ya chanzo na kusoma namba yake, kwa sababu namba ndiyo inayoonyesha ni mali ya nani. Iridiamu, metali inayotoa mionzi kwenye kamera nyingi za viungo, hupungua nguvu kwa nusu kila baada ya siku 74 hivi. Sesiamu, aina nyingine ya chanzo, huchukua miaka 30. Kwa hiyo usijipe moyo eti kifaa ni cha zamani. Kisichokuwa na mwenyewe huhifadhiwa kwenye ghala la Tume, Arusha.

Maswali ya wadau

*Mdau, Masasi:* Shikamoo mwalimu. Nikiripoti si nitakamatwa mimi?

Marahaba. Utahojiwa ulikipata wapi, hilo jiandae nalo. Ila kumiliki chanzo bila leseni ni kosa, kwa hiyo kukificha ndiko kunakokuweka pabaya zaidi.

*Mdau, Nachingwea:* Kituo chetu kinataka kuuza eksirei mbovu kama chuma. Ina mionzi?

Eksirei hutoa mionzi ikiwashwa tu. Hata hivyo imesajiliwa, kwa hiyo kituo kiwasiliane na Tume kabla ya kuiuza.

*Mdau, Tandahimba:* Korosho zikipita kwenye skana ya mizigo zinabaki na mionzi?

Hapana, dada yangu. Ni kama tochi: ukiizima, ulichokimulika hakibaki kinawaka. Kupima chakula ni suala jingine. Pale hutafutwa mabaki kama ya sesiamu. Mnunuzi wa nje akikudai cheti cha mionzi, Tume ndiyo inayopima sampuli na kukitoa.

*Mdau, Msimbati:* Mabomba yaliyotolewa kisimani je?

Umeuliza la maana. Mabomba ya visima vya gesi na mafuta yanaweza kujenga ukoko wenye radiamu ya asili, itokayo ardhini. Mengi hayana shida, lakini usiukwangue wala kuchomelea hadi yapimwe, kwa sababu vumbi lake likiingia kifuani halinawiki.